Kitako cha Babu

Juu ya mlango wa ndani wa nyumba yangu pametundikwa kipande cha mti wa mtondoo, urefu wake ni kama dhiraa mbili. Nyuma kimepinda kidogo na kupanuka, na mbele kina mfereji ulioshika rangi ya kutu. Wageni hukidhania kuwa kasia lililovunjika, na mjukuu wangu mmoja aliwahi kukishusha akakifanya gongo la kuchezea mpira, nikamkaripia hata mama yake akashangaa. Ni kitako cha gobori. Gobori lenyewe, yaani mtutu na mtambo wake, halipo. Liko wapi nitasema mbele.

Historia za bunduki aghalabu huandikwa kwa upande wa mtutu: nani alipigwa, nani alishinda, mji gani ulianguka. Hapana ubaya, maana risasi hutokea upande huo. Lakini bunduki ina upande wa pili, ule unaokaa begani mwa mtu, nao umetengenezwa kwa mti, na mti hukatwa na fundi kwa kumtazama mtu. Mimi, kwa kuwa nimerithi upande huu peke yake, nimeanza kuitazama historia yetu kutokea nyuma.

Wazee wetu walizijua bunduki za namna tatu kabla ya hizi za kisasa. Ya kwanza ni ya mrao, yaani utambi uliowashwa moto ukashushwa juu ya baruti. Waarabu wa Oman waliiita kwa jina lenye maana ya mwenye utambi, na ilikuwa ndefu, na kitako chake kilikuwa chembamba. Ikaja gumegume, inayopiga jiwe likatoa cheche. Kisha ikaja ile ya fataki, ambayo kwayo mvua haikuwa tena udhuru wa kukosa. Zote hizi hujazwa kwa mdomo: baruti, kisha makumbi ya nazi au kitambaa, kisha risasi au marisau, kisha zikasindiliwa kwa mdeki. Mtu aliyezoea hutumia muda wa kutosha kusoma Yasini nusu, alivyokuwa akisema Babu yangu kwa mzaha.

Zilifikaje Pemba? Kisiwa hiki kilitoka mikononi mwa Mazrui wa Mombasa na kuingia katika dola ya Sayyid Said mwanzoni mwa miaka ya 1820. Mwaka 1833 Sayyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Marekani, ulioletwa na mjumbe wao Edmund Roberts. Ndani yake mna sharti moja ambalo mimi hulipenda: Wamarekani wafanye biashara watakavyo, ila bunduki, baruti na risasi katika kisiwa cha Unguja waiuzie serikali peke yake. Katika bandari nyingine za Sultani ruhusa ilikuwa wazi. Basi kwa herufi za mkataba ule Pemba ilikuwa soko huria la baruti. Sijui kama nahodha yeyote wa Kimarekani alijisumbua kuja Wete kwa sababu hiyo, lakini sharti lenyewe linaonesha kwamba Sultani alikuwa ameshafahamu bidhaa ipi ni ya kuchungwa karibu na nyumba yake.

Mafuriko yenyewe ya silaha yalikuja baadaye. Majeshi ya Ulaya yalipoanza kutumia bunduki za kujazwa nyuma, zile za zamani zikawa mzigo maghalani, na mzigo ukatafutiwa wanunuzi, nao walikuwa sisi. Mwaka 1888 balozi wa Kiingereza aliyekuwa Unguja, Euan-Smith, aliandika kwamba silaha baina ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika ya Mashariki kwa mwaka mmoja. Nyingi zilipita Unguja kwenda bara. Chache zilibaki visiwani, na mojawapo ya hizo chache ilinunuliwa na baba yake Babu, wakati karafuu za Pemba zilipokuwa na bei. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliing'oa mikarafuu ya Unguja na kuiacha ya kwetu kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo Pemba ikawa ndiyo shamba. Fedha za karafuu zilinunua vitu vingi, vingine vya maana.

Kabla ya hapo kidogo, tarehe 3 Desemba 1881, lilitokea karibu na kisiwa chetu tukio ambalo Waingereza walilisimulia sana. Kapteni Brownrigg wa manowari London alikuwa katika mashua ya moshi akiwasaka wachukuzi wa watumwa. Alilikaribia jahazi lililopandisha bendera ya Ufaransa, akitaka kutazama karatasi zake tu, na watu wake hawakushika silaha. Wenye jahazi wakawamiminia risasi na kuwarukia. Kapteni alinyakua bunduki, akapiga, na ilipokwisha akaigeuza akapigana kwa kitako mpaka akauawa. Lloyd Mathews, aliyekuwa akiongoza askari wa Sultani, alimfuatia nahodha wa jahazi lile, Hindi bin Hattam, mpaka Wete, akampata baada ya mapigano mafupi akiwa na jeraha lililomuua. Nalitaja tukio hili kwa sababu kila nilisomapo nastaajabu kwamba katika saa ya mwisho bunduki ya mtu mkubwa wa serikali kubwa iligeuka kuwa gongo, sawa na mjukuu wangu alivyoifanya.

Halafu ikaja sheria. Mwaka 1890, mwaka uleule Unguja na Pemba zilipowekwa chini ya himaya ya Uingereza, mataifa yalikutana Brussels na kuweka mkataba juu ya utumwa, pamoja na silaha katika sehemu kubwa ya Afrika. Bunduki za shabaha, maana yake zile zenye mifereji ya kuzunguka ndani ya mtutu, na zile za kujazwa nyuma, zilikatazwa kuingizwa isipokuwa kwa ruhusa ya wakubwa na kwa watu maalumu. Gumegume laini ndani, pamoja na baruti ya biashara, zingeweza kuuzwa kwa kibali. Mifereji ile ndiyo siri yote ya ulengaji: huizungusha risasi kama pia, na kitu kinachozunguka hushika njia yake. Risasi ya mtutu laini hutoka ikiyumba, na baada ya hatua sitini au sabini huenda itakako. Msomaji atafakari mwenyewe. Mkataba haukusema tusiwe na bunduki kabisa. Ulisema tusiwe na ile inayofika ilikoelekezwa. Nakiri kwamba mkataba ulikuwa na nia ya kuzuia biashara ya watu, na biashara ile ilikuwa haramu na uchafu; lakini sheria yenye nia njema nayo huacha alama yake, na kwetu sisi iliacha miaka mingi ya kukosa shabaha.

Sasa nirudi kwa Babu.

Babu yangu alizaliwa karibu na mwaka 1885. Akiwa kijana alianguka kutoka kwenye mkarafuu, kama walivyoanguka wengi, akavunjika kiwiko cha mkono wa kushoto. Mganga wa viungo alimfunga, mfupa ukaunga, lakini mkono ukabaki umepinda, haunyooki tena. Alipolirithi gobori la baba yake alikuta mambo mawili. Kitako kilikuwa kimeliwa na mchwa hata kikawa kama sifongo. Na hata kingekuwa kizima kisingemfaa, kwani kilikatwa Ulaya kwa ajili ya askari mrefu mwenye mikono miwili iliyonyooka.

Akamwendea fundi wa mitumbwi. Fundi huyu hakuwa amewahi kutengeneza bunduki, na alimwambia hivyo. Babu akamjibu kuwa bunduki ni mtumbwi mdogo unaobeba chuma. Hadithi hii nimeisikia mara nyingi, pengine imenenepa njiani, lakini kipimo nimekiona kwa macho yangu kwa sababu kilihifadhiwa: kamba ya ukindu yenye mafundo mawili. Fundi alimkalisha Babu, akampima kwa kamba ile kutoka kwenye kunjo la kiwiko cha kulia mpaka kidole cha shahada, na hapo pakawa ndio urefu kutoka kitako hadi kifyatulio. Kisha akamwambia afumbe macho, aliinue gogo begani, na ashushe shavu. Shavu liliposhukia akapiga alama kwa makaa. Upande wa mbele akaufupisha na kuupanua, ukawa bapa chini, kwa kuwa mkono wa kushoto wa Babu haukuweza kuunyoshea mtutu mbele. Babu angelilaza gobori juu ya panda ya mti, au juu ya gunia la makumbi, na kuuacha mkono mbovu utulie.

Mtondoo ulikatwa ukaachwa dalini juu ya moshi wa jiko masika nzima na vuli nzima. Fundi alisema mti mbichi huwa unaendelea kutembea. Kisha akauchonga kwa tezo, akaingia ndani kwa patasi, akausugua kwa majani ya msasa, na mwisho akaunywesha mafuta ya nazi. Mfereji wa kulazia mtutu aliufanya kwa namna ya wajenzi wa majahazi wapatanishao mbao: aliupaka mtutu masizi, akaulaza, akauinua, na kila palipogusa peusi akapunguza. Akarudia hivyo mpaka masizi yakashika kote sawasawa. Malipo yake yalikuwa pishi za karafuu. Idadi hubadilika kwa kila msimuliaji.

Kwa gobori hilo Babu alilinda shamba lake na tumbili, na akapiga popo. Msomaji wa bara asishtuke. Popo wa Pemba si wale wadogo wa darini. Ni ndege-mnyama mkubwa mwenye manyoya mekundu, mbawa zake zikinyooshwa ni zaidi ya mita moja na nusu, na hayupo popote duniani ila katika kisiwa hiki na vijisiwa vyake. Hula matunda, huzaa mtoto mmoja kwa mwaka, na mchana hulala wakining'inia kwa mamia katika mti mmoja. Wapo kwetu waliowala na wapo waliotema mate wakisikia, na masheikh nao hawakukubaliana. Wazee waliwanasa kwa ulimbo na nyavu. Babu aliwapiga, lakini kila jioni alipiga mara moja tu. Si kwa huruma, nadhani, bali kwa sababu wakati amalizapo kusindilia mara ya pili popo wote walikuwa wamekwishafika Ngezi. Mwembe wa popo ulikuwa nyuma ya kaburi la mama yake, na aliufahamu kama mtu ajuavyo zizi lake.

Babu alifariki mwaka 1957. Nilikuwa na miaka tisa. Gobori likabaki kwa baba yangu, ambaye hakulipiga hata siku moja. Alikuwa mwoga wa kishindo. Januari 1964 yalipotokea Mapinduzi Unguja na habari zikavuka mkondo, kila mwenye chuma nyumbani alianza kukitazama kwa jicho jingine. Usiku mmoja Baba aling'oa misumari, akautoa mtutu pamoja na mtambo wake, akauvika gunia, akatoka. Nilimfuata kwa mbali. Aliingia kwenye mikoko maji yakiwa yamejaa, na akarudi mikono mitupu. Kitako hakukitupa. Nilipomuuliza, siku nyingi baadaye, alijibu kwamba mti si silaha. Nadhani alikuwa amekwishaandaa jibu hilo kwa mtu mwingine, ambaye hakuja kuuliza.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike insha hii, na ambalo katika insha nyingine za kitabu hiki nimelikwepa.

Katikati ya miaka ya 1980 nilikuwa mwalimu, na mshahara wa mwalimu kila mtu anaujua. Walikuja watu watatu na bunduki ya marisau, ile waiitayo shotigani, wakitafuta popo. Walisikia kwamba ninajua mti. Nikawapeleka kwenye mwembe wa Babu. Sikulazimishwa. Walikwenda saa tisa mchana, popo wakiwa wamelala, na kutoka kwenye mti uleule walipiga mara nyingi mno kwa kuwa bunduki yao hujazwa kwa sekunde chache. Walioanguka walijaa magunia mawili. Waliojeruhiwa walibaki wamenasa juu kwa kucha zao, na wawili watatu walikuwa na watoto vifuani. Nilipewa fedha na popo wanne. Nyumbani nilisema nimeuziwa kwa bei rahisi. Mwembe ule ulikaa mtupu miaka zaidi ya ishirini.

Sikuwa mimi peke yangu. Bunduki za marisau zilikuwa zimezagaa, na watafiti walipowahesabu popo mwaka 1995 walipata kama 5,000 tu kisiwa kizima. Baada ya hapo serikali pamoja na wahifadhi waliunda vikundi vya vijijini vya kuyalinda malalo yao, na pale Kidike wageni hulipa kiingilio kuwatazama. Hesabu za miaka ya 2000 zikawa zaidi ya 20,000. Watu husema ni ushindi wa elimu. Ni kweli, na mimi mwalimu naambiwa nifurahi. Huwa nafurahi kimyakimya.

Mwaka 2018 alikuja mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, aliyekwenda Marekani akiwa kijana na sasa ni dereva wa malori makubwa Pennsylvania. Baada ya shikamoo na habari za safari alikaa akainua macho, akakiona kitako. "Mjomba," akasema, "nani alikipima hiki?" Hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo.

Kumbe yeye ana mchezo wake wa bunduki. Hupiga shabaha ya masafa akiwa ameketi mezani, bunduki imelala mbele juu ya kigoda cha chuma chenye mfuko wa mchanga, na nyuma juu ya mfuko mwingine wenye masikio mawili kama ya sungura. Hawamwindi mnyama. Hulenga karatasi iliyo mbali yadi 1,000, yaani mita 914, na kinachopimwa si kupata jicho la shabaha peke yake, bali mashimo ya risasi tano au kumi yamekaribiana vipi. Klabu ya Williamsport, katika jimbo lake, imekuwa na mchezo huu tangu 1967. Alinieleza kwamba mapenzi ya Wamarekani kwa masafa hayo ni ya zamani zaidi: mwaka 1874, huko Creedmoor karibu na New York, timu yao iliishinda timu ya Ireland kwa alama 934 kwa 931, Waireland wakitumia bunduki za kujazwa kwa mdomo na Wamarekani za kujazwa nyuma. Mimi nikawahesabu Waireland kuwa ndugu wa Babu.

Picha za bunduki yake zilinishangaza. Mtutu mnene kama mchi, darubini juu yake, na kitako kisichofanana na cha askari hata kidogo: mbele kipana na bapa kwa chini, nyuma kimenyooka, ili bunduki ikisukumwa na moto irudi kwa mstari mmoja kama droo ya meza. Kilitengenezwa na fundi mmoja kwa ajili yake, baada ya kumpima mkono kutoka kiwiko hadi kidole. Nilikwenda kuileta kamba ya ukindu. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akanyamaza.

Akanifundisha adui yao mkubwa: unyevu. Kitako cha mti huvuta maji ya hewani, kikavimba, kikaugusa mtutu, na risasi ikahama. Kwa hiyo wengi waliacha mti wa mjozi, wakahamia vitako vya nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi, au mbao nyembamba zilizobandikwa tabaka kwa tabaka, na mtutu huachwa ukielea bila kugusa mti mbele. Sehemu ya chuma hulazwa juu ya gundi ya epoksi iliyochukua umbo lake barabara. Nikamwonesha alama za masizi ndani ya mfereji wa mtondoo. Adui wao wa pili ni upepo. Risasi hukaa angani zaidi kidogo ya sekunde moja na hushuka mita saba na zaidi, na katika muda huo upepo wa ubavuni huisukuma. Hupanda vibendera njiani ili wausome. Hapo ndipo nilipomwelewa vizuri zaidi; babu yake wa upande wa baba alikuwa nahodha, na alitofautisha matlai na umande akiwa bado ndani ya chandarua.

Nilimuuliza: na baada ya mashimo kukaribiana, mnafanya nini? Akasema hupima kwa kipimo, huandika, hurudi nyumbani. Hakuna gunia? Hakuna gunia. Nilikaa kimya kitambo, na kwa sababu ambayo sikuifahamu wakati ule nikamsimulia habari ya mwembe, ambayo mama yake alikufa bila kuijua. Hakuniambia neno la kunituliza, na namshukuru kwa hilo.

Alinitaka kitako akitundike ukutani kwake, atafute na mtutu wa zamani wa kukitia. Alikiinua begani. Yeye ni mrefu, shavu lake likapita alama, na kidole kikavuka mahali pa kifyatulio. Akanipa mimi. Kwa miaka yote ile nilikuwa sijawahi kukiweka begani. Kikakaa.

Aliondoka bila kitako. Alichukua vipimo vyake vyote kwa rula na kwa karatasi, na ile kamba nikampa. Mwaka uliofuata alituma picha ya kitako kipya cha mbao za tabaka, mbele kimefupishwa na kupanuliwa kama cha Babu, pamoja na karatasi ya shabaha yenye mashimo matano ambayo kiganja changu kinayafunika yote. Karatasi hiyo nimeibandika chini ya kitako. Popo wamerudi mwembeni, si wengi, msimu uliopita niliwahesabu thelathini na saba kabla giza halijanishinda.